Pampu ya Nne

Sokoni pale palikuwa na watu wenye maduka, watu wenye meza, na watu wenye turubai tu chini. Palikuwa pia na Mama Funguo, ambaye hakuwa na duka wala meza wala turubai, lakini hakuna mwanamke aliyeweza kukaa sokoni kutwa bila kumhitaji. Alikuwa mtunza choo cha wanawake. Miaka kumi na sita alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, fungu la funguo kiunoni, ndoo ya maji ya sabuni mkono wa kulia, na mdomo usiojua likizo. Mtu akipita amenuna, atamwuliza, "Leo umeamka na nani, mwenzetu?" Na aliyenuna atacheka, apende asipende.

Alikuwa na imani moja ambayo hakumficha mtu: ukitaka kujua watu wanavyoheshimiana, usikague sebule, kagua choo. Chake kilikuwa king'aacho. Sakafu ilisuguliwa kabla jua halijachomoza, na kwenye dirisha dogo alikuwa ameweka kopo lenye mnanaa, kwa sababu, alisema, hata pua ina haki zake.

Sasa choo hicho kilikuwa kimefungwa kwa wiki ya tatu, na kufuli lilikuwa lake mwenyewe. Kila akilitazama moyo ulimuuma.

Tatizo lilikuwa mteremko. Zamani maji machafu yalitoka chooni yakashuka yenyewe hadi kwenye bomba kuu la barabarani. Kisha barabara ikajengwa upya, ikainuliwa, na bomba kuu likainuliwa nayo. Choo cha wanaume kilikuwa upande wa juu wa soko, hakikupata shida. Choo cha wanawake kilikuwa upande wa chini, kule malori yanakoshusha mboga, na maji, kama mjuavyo, hayapandi mlima. Ikabidi lichimbwe karo nyuma ya choo, maji yaingie humo, kisha pampu inayozama ndani ya karo iyasukume hadi barabarani. Karo halikuwa na neno. Pampu ndizo zilizowatoa watu jasho. Katika miaka miwili zilikuwa zimekufa tatu, na kila moja ikifa, karo lilifurika, na karo likifurika, mengine watu wazima huambiana kwa macho.

Wanawake wa soko wakajifunza kuishi bila choo. Ng'ambo ya barabara palikuwa na hoteli, lakini mlinzi wake alikuwa na tabia ya kuuliza, kwa tabasamu lote, "Mtaagiza nini?" Kwa hiyo waliacha tu kunywa maji. Walifika asubuhi, wakauza, wakakausha koo hadi jioni. Mkwe wa Mama Funguo, mke wa mwanawe wa kwanza, alikuwa mmoja wao. Aliuza vifungo, nyuzi na zipu kwenye kibanda cha tatu kutoka lango kuu, na alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Kunywa maji, mwanangu," Mama Funguo alimwambia kila alipopita.

"Nitakunywa nyumbani, mama."

Siku ya Jumatatu, saa sita mchana, binti yule alisimama kumpimia mteja zipu, akaona giza, akakaa chini taratibu juu ya robota la vitambaa la jirani. Muuguzi wa zahanati hakuzunguka. Mtoto yuko salama, alisema, ila mama yake amekauka kama ngozi ya ngoma. Anywe maji, tena mengi, kutwa nzima. Mama Funguo aliyasikia hayo akiwa ameushika mkono wa mkwewe, na aliona aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyemnyima maji.

Jumanne ukawa mkutano wa soko. Mwenyekiti, mtu mrefu mwenye koti la mifuko mikubwa, alisimama juu ya kreti.

"Tutanunua pampu moja ya mwisho," alisema. "Na hii ikiungua, choo kile tunakifunga moja kwa moja. Chumba kitakuwa ghala la vitunguu."

Watu walitazamana. Mwenyekiti mwenyewe aliuza vitunguu. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Akisikia una msiba hufika wa kwanza. Ila haja zake zote alizimalizia upande wa juu.

Mama Funguo aliinua mkono. "Mwenyekiti, baba, naomba pampu hii niichague mimi."

"Wewe?" Mwenyekiti alicheka. "Mama Funguo, mchagua jembe si mkulima. Mimi shambani kwangu nina pampu mbili, nazijua."

"Shambani kwako unavuta maji ya mto, baba. Kule karoni ninayeinama ni mimi. Na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Wanawake walipiga vigelegele kama vile harusi imeingia. Mwenyekiti, aliyependa kicheko hata kikimlenga yeye, akanyoosha mikono. "Haya. Jumamosi twende wote dukani, uchague. Ila ikiungua, usije kunililia."

Mama Funguo alirudi nyumbani akitembea kwa mikogo, lakini alipofika kona ya mtaa wao mikogo ilikwisha na hofu ikaingia. Mumewe alikuwa barazani kwenye kazi yake ya kushona viatu, soli moja magotini na misumari midogo midomoni.

"Mume wangu, nimejiponza," alisema, akajitupa kwenye kiti. Akamweleza yote.

Fundi viatu alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja. Hakuwa mtu wa haraka. "Kwanza niambie. Hizo pampu huwa mnazichaguaje?"

"Tunakwenda dukani. Nyuma pana pipa kubwa la maji. Muuzaji anazamisha pampu, anawasha, maji yanaruka juu. Anazamisha nyingine, yanaruka. Inayorusha juu zaidi ndiyo tunayochukua. Ile ya tatu ilipitisha maji juu ya paa la duka! Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha."

"Maji gani?"

"Maji tu. Safi."

Mumewe alimtazama. "Kwani karo lenu lina maji ya kunywa?"

Mama Funguo akaanza kucheka, kwanza polepole, halafu mpaka akashika mbavu. Kamati nzima ya soko, watu wazima wenye wake na waume, walikuwa wamekwenda mara tatu kushangilia chemchemi!

"Mke wangu," alisema fundi viatu, naye akicheka, "mteja akija hapa sianzi kumwonyesha viatu. Namwambia vua, nione mguu. Nyie mmenunua viatu vitatu bila kupima mguu."

"Basi kesho tunapima mguu."

Wakaupima. Asubuhi walifunua karo, na Mama Funguo akateremsha kamba yenye jiwe, aliyoifunga fundo kila nusu mita. Toka chini ya karo hadi mdomo wa bomba la barabarani yalihesabika mafundo manane: mita nne, basi. Toka karoni hadi barabarani zilikuwa hatua ishirini na tano za mumewe, ambaye hatua zake hazikuwa za kujivunia. Kuhusu wingi wa maji, hakuhitaji kipimo. Pampu ya tatu ilipokufa siku ya soko kubwa, alizoa maji yale kwa mikono yake, na mikono haikusahau: saa moja, ndoo ishirini na mbili.

Kisha wakaifungua pampu iliyokufa, juu ya gazeti, kwa bisibisi za fundi viatu. Ile feni ya ndani inayosukuma maji ilikuwa imevikwa kilemba cha matambara na nywele za bandia, kimekazwa barabara. Njia ya kupitia uchafu ilikuwa nyembamba hata punje ya harage ingepita kwa kuomba radhi.

"Hii ni ya maji safi," fundi viatu alisema. "Haikuwa na kosa, maskini. Imefia ugenini. Na ya pili ilikufaje?"

"Iliungua tu," Mama Funguo alijibu haraka, akainamia bisibisi.

Siku mbili zilizofuata alifanya kazi ambayo jirani zake walidhani ni wazimu. Alivaa glavu ndefu, akafunga kitambaa puani, na kwa waya wenye ndoana akavua karoni kila kilichovulika: matambara, nywele za bandia, maganda ya mahindi, kijiko, na vifungo vitano vya bluu vilivyomfanya amtazame mkwewe kwa jicho la pembeni. Alivilowesha vyote kwenye dawa, akavisuuza mara tatu, akavianika juani, akavitia kwenye ndoo yenye kifuniko. Juu yake akaongeza kopo la mchanga, ule ule unaoingia karoni kila sakafu ya soko ikioshwa.

Jumamosi saa nne walikuwa dukani: Mama Funguo na ndoo yake, mumewe, na Mwenyekiti, aliyekuwa ametoka kupokea mzigo na mifuko ya koti ilikuwa imejaa vitunguu vya mfano. Muuza pampu, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, aliwapokea kama ndugu.

"Karibuni, karibuni! Nimewawekea kitu." Akafunua turubai. Pampu ilikuwa ndefu, nyembamba, ya chuma kinachong'aa hata Mwenyekiti akajiona uso. Wakaenda uani. Muuzaji akaizamisha pipani, akawasha, na maji yakapaa, yakapita paa, yakapita waya wa umeme, yakawanyeshea watu wa duka la pili. Mwenyekiti akaanza kupiga makofi.

"Inapandisha mita ngapi?" aliuliza Mama Funguo.

"Mama, thelathini na tano!"

"Sisi tunataka nne, na hatua ishirini na tano za kwenda mbele. Hatuzimi moto wa ghorofa. Mwanangu, naomba nitie kidogo cha kwetu humo pipani."

Akafunua ndoo. Mwenyekiti akaziba pua. Wateja wawili wakasogea mlangoni.

"Acheni maigizo," alisema Mama Funguo. "Vimeoshwa kwa dawa mara tatu. Ni safi kuliko soksi zenu."

Akamimina. Akakoroga kwa mti. Muuzaji, ambaye hakuwahi kuombwa jambo kama hilo tangu azaliwe, aliwasha kwa shingo upande. Maji yalipanda, yakatetereka, yakawa mate, yakakata. Pampu ikaguna. Akaizima mbio mbio, na alipoitoa ilikuwa imevaa kilemba kama marehemu dada yake.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," alisema fundi viatu, kwa upole.

Muuzaji hakukata tamaa. Akaleta ya pili, nzito, yenye visu mdomoni. "Hii inasaga. Kitambaa, nywele, yote inafanya uji." Mwenyekiti aliipenda papo hapo; wanaume na visu, mnawajua. Iliwashwa, na kweli ilisaga, hata Mama Funguo akavutiwa.

"Na mchanga?" aliuliza.

Kijana alikuna kichwa, na hapa nampa heshima yake, kwa sababu alisema kweli. "Mchanga unakula visu, mama. Kwenu kama mchanga ni mwingi, itabidi muitoe muinoe kila mara."

"Mimi nanoa kisu changu kila asubuhi," alisema fundi viatu. "Lakini changu hakiko karoni."

Wakacheka wote. Kisha Mama Funguo akaona, pembeni kabisa, chini ya rafu, pampu fupi, nene, nyeusi, yenye vumbi. "Na kile kijeba?"

"Hiyo? Hiyo ndiyo ya maji machafu hasa, mama, lakini watu hawaipendi. Hairushi. Feni yake imekaa nyuma, haigusani na uchafu. Inayazungusha maji, na maji ndiyo yanayosukuma kila kitu nje. Mdomo wake unapitisha hata yai."

"Yai sina." Mama Funguo aligeuka. "Mwenyekiti, nipe kitunguu."

"Kitunguu changu?"

"Kimoja tu, baba. Kile kidogo."

Mwenyekiti alikitoa kama mtu anayetoa mtoto wake jeshini. Kikatupwa pipani pamoja na vilivyobaki ndooni: matambara, nywele, mchanga, vifungo na kijiko. Kijeba kikazamishwa, kikawashwa. Hakikurusha chochote angani. Kiliguruma tu kama babu aliyeshiba, na kwenye mdomo wa bomba, lililoegemezwa ukutani kwa urefu wa mita nne na zaidi, kikaanza kutoka kijito kinene cha maji. Matambara yakatoka. Nywele zikatoka, ndefu, zikipunga mkono. Kijiko hakikutoka, kilibaki chini ya pipa, na Mama Funguo alikubali kwamba kijiko ni kosa la binadamu. Mwisho bomba likatoa mlio, na kitunguu kikaruka kizima, kikadunda mara mbili, kikasimama mbele ya kiatu cha Mwenyekiti.

Mwenyekiti akainama, akakichunguza. "Hata ganda halijachubuka," alisema. Akaangua kicheko kilichowatoa mafundi karakana ya jirani.

"Nachukua hii," alisema Mama Funguo. Kisha akasita. Alikuwa na neno lililomkaa kooni mwaka mzima, na aliona kwamba asipolisema sasa litamkaa hadi kaburini. "Lakini nataka na lile boya linaloning'inia, la kuiwasha maji yakijaa na kuizima yakipungua. Kwa sababu ile pampu ya pili... niliiunguza mimi. Niliiwasha kwa mkono, nikaenda kuamua ugomvi wa viazi, nikanogewa. Nilivyorudi karo ni kavu na pampu imeungua. Sikumwambia mtu."

Hakuthubutu kumtazama mtu usoni.

"Mwaka mzima mimi nimelaumiwa!" alisema muuza pampu. "Mwenyekiti alinitukana kwenye simu mpaka ikazima chaji!"

"Nisamehe, mwanangu. Nawe nisamehe, Mwenyekiti."

Mwenyekiti alikifuta kitunguu chake kwenye koti. "Ugomvi wa viazi," alisema, "nani alishinda?"

"Mwenye viazi."

"Basi si hasara tupu." Akamgeukia kijana. "Weka na boya. Weka na mnyororo wa kuitolea, mama huyu asiwe anazama na waya wake mle. Na wewe nisamehe, mdogo wangu, siku ile niliongea vibaya."

Muuzaji aliwasamehe wote wawili, akatia na vali ya kuzuia maji yaliyokwisha panda yasirudi karoni, akasema kesho atakuja kufunga mwenyewe.

Jumatatu asubuhi hakukuwa na aliyekuwa kwenye biashara yake. Wanawake wote walikuwa nyuma ya choo. Pampu ilikuwa chini tangu jana, umeme umewashwa. Mama Funguo alifungua kufuli lake, na ndoo ya kwanza ya maji ikamwagwa chooni. Kimya. Ya pili. Kimya. Ya tano. Mwenyekiti alikuwa amesimama na mikono nyuma, na nyuma yake, sina budi kusema, yalikuwa magunia mawili ya vitunguu yaliyofika mapema mno.

"Mbona haisemi?" mtu aliuliza.

Mama Funguo alimtafuta mkwewe kwa macho, akamwona ameegemea ukuta wa choo, mkono juu ya tumbo, midomo mikavu, maana sokoni bado hakuthubutu kunywa. Ndoo ya nane. Ya tisa. Mumewe alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa karo, akichungulia.

"Boya linapanda," alisema. "Bado kidogo. Mwageni, mwageni!"

Ndoo ya kumi na mbili aliibeba Mama Funguo mwenyewe. Aliimwaga, na chini, kama babu aliyeshiba, kijeba kikaguruma. Walikimbilia ukingoni wote. Maji yalishuka, yakashuka, matambara waliyoyatia makusudi yakaondoka, na boya likaning'inia tena. Pampu ikanyamaza. Yenyewe, bila mkono wa mtu. Vigelegele vilipigwa mpaka njiwa wa paani wakahama, lakini Mama Funguo hakupiga. Alikuwa analia, na alilia bila kujificha.

Mwenyekiti aliyainua magunia yake, moja kila bega. "Nilikuwa napita tu," alisema.

Vigelegele vilikuwa bado havijaisha mkwewe alipomwita muuza maji ya chupa aliyekuwa akipita na kreti lake. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na siku nzima ya biashara ilikuwa mbele yake. Alifungua chupa kubwa, akainua kichwa, akanywa bila kupumua, maji yakimtiririka kidevuni hadi kifuani, mpaka chupa ikabonyea mkononi mwake.

"Mama," alisema akihema, "mtoto anacheza."

Kisha akanyoosha mkono kuchukua nyingine. Muuza nyanya akaomba yake, na wa ndizi, na wa mitumba, na bibi wa viungo aliyekuwa hajanywa tone mchana tangu karo lifurike. Siku ile, kabla ya adhuhuri, maji ya kunywa yaliisha soko zima.